Ndizi Ina Mwenyewe: Baraka za Kiyahudi katika Siku ya Kawaida

Zaburi mbili zinapingana waziwazi. Ya 24 inasema, "Nchi na vyote viijazavyo ni mali ya Bwana." Ya 115 inasema, "Mbingu ni mbingu za Bwana, bali nchi amewapa wanadamu." Sasa nchi ni ya nani? Marabi, walimu wa sheria ya Kiyahudi, waliliuliza swali hilo katika Talmudi, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho yao, kwenye kitabu cha Berakhoti, kinachohusu sala na baraka, na jibu lao ndilo linalobeba kila nitakachoeleza hapa. Zaburi ya 24 inazungumzia kabla ya baraka, na ya 115 inazungumzia baada yake. Embe lililo mezani ni mali ya Mungu. Ukishatamka baraka, umekabidhiwa.

Wengi tumezoea kufikiri kwamba chakula ni kitu cha kawaida tu, nasi tunakiombea ili kitakaswe. Marabi waliona kinyume. Chakula ni kitakatifu tangu shambani, na anayekula bila baraka ni kama aliyetia mkono katika mali ya Hekalu. Walawi 5 inataja adhabu ya kosa hilo: kurudisha thamani ya kilicholiwa, kuongeza sehemu ya tano, na kuleta kondoo dume. Msomaji wa pwani anayejua msikiti au kisima kilichowekwa wakfu ataelewa uzito wake bila kuelezwa sana, kwa maana mali ya wakfu hailiwi ovyo.

Ndiyo maana Myahudi anayeutafuta utakatifu katika siku ya kawaida haanzi na hisia. Anaomba ruhusa, mara nyingi kwa siku, kwa maneno yaliyopangwa, na kila hatua ina kipimo chake. Naipenda njia hii kwa sababu haimngoji mtu awe na moyo mkunjufu. Aliyechoka, aliyenuna na aliyefiwa, wote wanajua la kusema kabla ya kunywa maji.

Kila baraka inaanza vilevile: "Umehimidiwa Wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu." Jina la Mungu na ufalme wake lazima vitajwe. Pasipo viwili hivyo maneno yaliyotamkwa ni mazuri, lakini si baraka kisheria. Maimonides, mwanazuoni wa sheria ya Kiyahudi aliyefariki mwaka 1204, alizigawa baraka katika mafungu matatu: za starehe, yaani kula, kunywa na kunusa, za amri, yaani kabla ya kutimiza jambo lililoagizwa, na za sifa, kwa mambo yanayoonekana, kusikika au kumfika mtu. Za kwanza ndizo zenye kazi kubwa zaidi, maana mdomo haupumziki.

Kwa chakula kuna baraka sita. Mkate una yake: "utoaye mkate katika nchi." Divai na juisi ya zabibu zina yao. Vyakula vingine vya nafaka tano, yaani ngano, shayiri, rai, oti na ngano ya kale iitwayo speliti, vina baraka ya "aina za vyakula vya kushibisha." Kisha kuna "matunda ya mti," "matunda ya ardhi," na ya mwisho ambayo hufunika kila kilichobaki, kuanzia maji, maziwa na nyama hadi samaki na mayai: "ambaye vyote vimekuwa kwa neno lake."

Kazi inaanza unaposhika chakula na kujiuliza kiko fungu gani. Chukua ndizi. Mgomba ni mrefu kuliko mtu na unatoa kivuli, kwa hiyo wengi wangesema ni mti. Talmudi inatoa kipimo kingine: mti ni ule ambao tunda likichumwa, shina linabaki na kuzaa tena. Mgomba ukishatoa mkungu wake mmoja umemaliza kazi. Unakatwa, na machipukizi yanatoka chini. Rabi Yosef Karo, aliyeishi Safed, mji wa Galilaya, katika karne ya 16 na kuandika sheria ambazo Wayahudi bado wanazifuata, aliitaja ndizi kwa jina: baraka yake ni ya matunda ya ardhi. Nanasi liko hapohapo. Embe, parachichi, chungwa na nazi ni matunda ya mti. Papai limewagawa wanazuoni, kwa sababu mpapai unazaa upesi mno na shina lake ni tupu ndani, na wengi leo husema baraka ya ardhi. Muhogo, viazi vitamu na mahindi ya kuchoma ni ya ardhi. Muwa, ambao ungeudhania wa ardhi, unasomewa baraka ya "vyote," kwa sababu mtu haumezi mmea wenyewe, anafyonza utamu wake. Maji ya dafu na juisi ya embe pia ni "vyote," kwa kuwa tunda likigeuka kinywaji limeshuka daraja. Zabibu peke yake ndiyo inayopanda daraja ikikamuliwa.

Ugali unavutia kwa namna yake. Mahindi yalitoka Amerika, marabi wa Talmudi hawakuyajua kabisa, na hayamo katika zile nafaka tano. Bisi na mahindi ya kuchoma bado yanaonekana ni mahindi, kwa hiyo ni ya ardhi, lakini unga uliosongwa umepoteza sura ya punje, na wengi huusomea "vyote." Chakula kinachoshibisha nusu ya Afrika Mashariki kinapewa baraka ileile ya glasi ya maji! Sioni dharau hapo. Baraka inapimwa kwa sura ya kitu na asili yake, na haiangalii hadhi. Wali ni kisa kingine: kabla ya kula unasomewa baraka ya vyakula vya kushibisha kama vile ni ngano, ila ukimaliza unaushukuru kwa baraka fupi ya vyakula vya kawaida. Andazi ni unga wa ngano uliokaangwa katika mafuta mengi. Desturi ni kulisomea baraka ya vyakula vya kushibisha, lakini kuhusu unga wa kukaanga kwa jumla Karo aliongeza kwamba mwenye kumcha Mungu asiule ila ndani ya mlo ulioanza kwa mkate, ili atoke katika shaka.

Habari hizi za ndizi na muhogo si za kinadharia. Wayahudi wa Abayudaya, karibu na Mbale mashariki mwa Uganda, wanafuata dini hii tangu kiongozi wa Kiganda Semei Kakungulu alipoikumbatia mwaka 1919, na huko ndizi ni chakula cha kila siku. Nairobi nayo ina jumuiya ya Kiyahudi tangu 1904.

Ukikosea je? Mishna, mkusanyiko wa sheria za marabi uliokamilika yapata mwaka 200, inatoa kanuni ninayoiona ya hekima sana. Ukilisomea tunda la mti baraka ya ardhi, umetimiza wajibu, maana mti nao unakula ardhini. Ukilisomea tunda la ardhi baraka ya mti, hujatimiza, maana umesema jambo lisilo kweli. Na ukisema "vyote" juu ya chochote, umetimiza wajibu, kwa kuwa ni kweli daima. Aliyebabaika kati ya mti na ardhi aseme ardhi, na asiyejua kabisa aseme "vyote." Hata hivyo hiyo ni njia ya dharura, na marabi hawampendi anayeitumia kila siku ili asijifunze.

Upande wa pili wa kanuni ni mkali zaidi. Kutamka jina la Mungu bure ni kosa kubwa, kwa hiyo penye shaka kama baraka ilikwishasemwa au la, hairudiwi. Ukigundua kosa papo hapo, ndani ya muda wa kumwamkia mwalimu kwa maneno matatu au manne, yaani sekunde mbili au tatu, sahihisha maneno ya mwisho tu. Ukichelewa na baraka ikawa imesemwa bure, sema, "Lihimidiwe jina la utukufu wa ufalme wake milele na milele." Kwa sababu hiyo mpangilio una maana: kwanza jua utasoma baraka ipi, kisha shika chakula kwa mkono wa kulia, au wa kushoto kama ni mashoto, halafu ndipo ufungue kinywa. Kosa la kawaida kuliko yote ni kuanza "Umehimidiwa" huku macho bado yanachagua sahani. Jina la Mungu linatoka kabla mtu hajajua anashukuru nini.

Vitu vingi vikiwa mezani, kuna utaratibu wa kipi kitangulie: mkate, kisha vyakula vya nafaka, divai, matunda ya mti, ya ardhi, na mwisho "vyote." Kati ya matunda, yale ambayo Kumbukumbu la Torati 8 inaisifia nchi ya Israeli kwayo, yaani zabibu, tini, komamanga, zeituni na tende, hutangulia. Tende ikiwa kando ya embe, tende kwanza. Lakini mlo ulioanza kwa mkate baraka yake inafunika samaki, mboga na wali vyote, na hurudii kwa kila sahani.

Mkate unataka maandalizi yake, na hapa ndipo wageni wa desturi hii hukosea. Kunawa mikono kabla ya mkate si usafi, maana mikono lazima iwe safi tayari, hadi chini ya kucha, na pete zimevuliwa ili maji yafike kila mahali. Unahitaji chombo kizima, ukingo wake usiwe na pengo wala kitako tundu. Kopo la plastiki linafaa, na vikombe vinavyouzwa kwa kazi hii huwa na vishikio viwili, kimoja kwa kila mkono. Maji yasipungue robo ya logi, kipimo cha kale cha ujazo. Robo hiyo wengine huihesabu mililita 86 na wengine 150. Jaza kikombe kabisa, usihangaike na hesabu. Mimina mara mbili mfululizo juu ya mkono wa kulia, nje na ndani, hadi kwenye kifundo cha mkono, mkono unapokutana na kiganja, kisha mara mbili juu ya wa kushoto. Wengine humimina mara tatu. Asubuhi baada ya kuamka utaratibu ni mwingine: kulia, kushoto, kulia, kushoto, hadi mara tatu kila mkono, na watu huchanganya hizi mbili mara kwa mara.

Maji lazima yamiminwe kwa nguvu ya mtu. Bomba lililoachwa wazi likitiririka lenyewe halitimizi sharti. Jambo jingine linaloharibu ni mkono uliokwisha nawishwa kugusa maji ya mkono ambao bado, na hapo unakausha na kuanza upya. Baada ya kumimina, sugua mikono, inua, sema baraka ya kunawa kabla ya kukausha, kisha kausha. Kuanzia hapo hakuna kuzungumza mpaka mkate uwe umemezwa. Vidole kumi vinawekwa juu ya mkate, kwa idadi ya maneno kumi ya baraka yake katika Kiebrania, kipande kinachovywa katika chumvi, kinaliwa. Anayekula mkate usiofikia ukubwa wa yai ananawa bila kusema baraka ya kunawa.

Kuhusu ukimya huo Talmudi inatoa ruhusa kadhaa, na mbili ni hizi. Aliyekwisha bariki akisema "leteni chumvi" hajakatiza, maana chumvi ni sehemu ya kula kwenyewe. Na akisema "mpeni ng'ombe malisho," hajakatiza pia, kwa kuwa haruhusiwi kula kabla ya wanyama wake. Marabi wanaitoa hoja hiyo katika mpangilio wa Kumbukumbu la Torati 11: kwanza nyasi za wanyama wako, ndipo "nawe utakula ushibe." Kwa maoni yangu sheria hiyo ndogo ina uzito kuliko hotuba nyingi kuhusu huruma. Kama una kuku au mbuzi uani, swali la kujiuliza kabla ya kunawa ni kama wameshakula.

Baada ya mkate, kwa kiasi cha zeituni na kuendelea, kuna shukrani ndefu. Hii ndiyo baraka ya chakula ambayo Torati yenyewe inaiagiza: "Nawe utakula na kushiba, nawe utamshukuru Bwana." Ina sehemu nne: chakula, nchi, Yerusalemu, na ya nne ambayo Talmudi inasema ilitungwa katika mji wa Yavne kwa ajili ya waliouawa Betar. Ngome hiyo iliangukia mikononi mwa Warumi mwaka 135, na maiti zilikaa bila kuzikwa. Ruhusa ya kuzika ilipopatikana, marabi waliweka baraka ya Mungu "aliye mwema na atendaye mema": mwema, kwa kuwa miili haikuoza, atendaye mema, kwa kuwa walizikwa. Kwa hiyo kila mlo wa mkate, hata wa mchana wa haraka kazini, unamalizikia kwenye kaburi la watu waliokufa karibu miaka 1,900 iliyopita. Muda wa kuisema unakwisha chakula kinapomeng'enywa na njaa kurudi. Wengi huhesabu dakika 72.

Chai ina tatizo lake. Baraka ya baada ya kinywaji inadaiwa tu ukinywa ile robo ya logi kwa mfululizo, na chai ya moto hunywewa kwa vifundo vidogovidogo. Kwa hiyo mnywaji wa chai husema "vyote" mwanzoni na mwishoni hasemi kitu. Wapo wanaoacha mafundo ya mwisho yapoe, wakayanywa kwa mara moja ili waweze kushukuru.

Sasa choo. Baraka ninayoithamini kuliko zote husemwa baada ya kutoka msalani, mikono ikishaoshwa, nje ya mlango, kwa maana ndani hakutajwi jina la Mungu. Talmudi inaileta kwa jina la Abaye, mwalimu wa Babeli wa karne ya 4: "Umehimidiwa Wewe, Bwana Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu, uliyemuumba mwanadamu kwa hekima, ukaumba ndani yake matundu mengi na mianya mingi. Ni dhahiri mbele ya kiti chako cha enzi kwamba lau mmoja wao ungepasuka, au mmoja wao ungeziba, isingewezekana kuendelea kuishi na kusimama mbele zako." Inamalizia kwa kumsifu Mungu amponyaye kila mwenye mwili na kutenda ya ajabu.

Inasemwa kila mara, hata baada ya haja ndogo. Aliyekunywa dawa ya kuendesha tumbo na anajua atarudi tena, angoje mpaka amalize ndipo aiseme mara moja. Haina aibu wala maneno ya kuficha. Muulize yeyote aliyewahi kulazwa kwa utumbo kuziba, au mzee mwenye tezi dume aliyekesha bila kupata mkojo, kama maneno hayo ni madogo. Uyahudi unaiweka shukrani ya mwili mahali ambapo mwili unahitaji kushukuriwa, na hausubiri ugonjwa.

Baraka za anga zinahitaji wepesi. Umeme ukipiga unasema "atendaye kazi ya uumbaji", radi ikinguruma, "ambaye nguvu zake na uwezo wake umeijaza dunia." Unazo zile sekunde mbili tatu tu baada ya kuona au kusikia. Zikipita, subiri mpigo mwingine. Mara moja inatosha kwa tufani nzima, na mpaka anga litakate hurudii.

Habari mbaya nazo zina baraka. Mishna inasema wazi kwamba mtu ana wajibu wa kubariki juu ya baya kama anavyobariki juu ya jema, na kwa msiba maneno ni "Mwamuzi wa kweli." Mfiwa huyasema anapoichana nguo yake. Hakuna anayemtaka afurahi, na maneno hayadai kwamba kifo ni kizuri. Yanasema tu kuna Mwamuzi, na hukumu yake si ya uongo. Sijui kauli nyingine ya msiba iliyo fupi hivyo na isiyomlazimisha mfiwa kujifanya.

Rabi Meir wa karne ya 2 alifundisha kwamba mtu anadaiwa baraka 100 kila siku. Siku ya kazi hesabu inakuja vizuri: sala kuu ina baraka 19, inasaliwa mara tatu, hiyo ni 57, ongeza za asubuhi, za milo na za msalani, umefika. Siku ya Sabato inaleta upungufu, maana sala kuu hiyo siku ina baraka 7 tu, na hata ikisaliwa mara nne ni 28. Pengo linazibwa kwa matunda, karanga na manukato, vikiliwa na kunuswa kwa nyakati zake. Huruhusiwi kuzua baraka isiyohitajika kwa kugawagawa chakula kimoja ili hesabu ipande.

Manukato ni msaada mkubwa, na Sabato yenyewe inaagwa kwayo Jumamosi usiku, pamoja na divai na mshumaa wa tambi nyingi, kwa baraka ya "aina za manukato." Nyumba nyingi hutumia karafuu. Talmudi inasema harufu ndiyo starehe ambayo roho huifaidi na mwili haupati kitu, kwa hiyo baada ya kunusa hakuna baraka ya kufuatia. Dawa ya kuondoa harufu chooni haisomewi kitu, hata inukie vipi, kwa kuwa imewekwa kufukuza uvundo na si kufurahisha. Na karafuu zilizokaa kikoponi tangu mwaka jana hukauka mafuta, zikabaki sura tu. Zijaribu kabla ya Sabato kuingia: bonyeza moja kwa ukucha, na isipotoa harufu, zibadilishe. Baraka inafuata harufu, na pasipo harufu jina la Mungu limetajwa bure.